Jongoo bahari waliwakutanisha kwanza

Mhariri,

Mimi ni mchoraji, mzaliwa wa Tanga, ninaishi Brisbane. Kila nikienda kwenye maonyesho ya Asia Pacific Triennial, yaliyoanza hapa mwaka 1993, husikia watu wakisema ndiyo kwanza Australia na Asia zinafahamiana kisanaa. Si kweli. Mabaharia wa Makassar, Indonesia, walifuata jongoo bahari pwani ya Arnhem Land, kaskazini mwa Australia, hadi 1907, na Wayolngu, wenyeji wa asili wa huko, wakachora vyombo vya mabaharia hao kwenye magome ya miti. Hadi leo Wayolngu fedha huziita rrupiya, neno walilolipata kwa wageni hao. Nilipolisikia neno hilo nilimkumbuka bibi yangu na rupia zake!

Naomba waandaaji wawape wasanii wa pande hizo mbili msimu mzima wa kuishi pamoja ufukweni.

Mchoraji, Brisbane