Mwanangu, ile meli nimeibomoa

Mwanangu,

Najua ukiona barua ndefu namna hii kutoka kwangu utadhani kuna mgonjwa. Hakuna, sote wazima, mama yako anakusalimia na amesema usisahau kula. Nakuandikia kuhusu ile meli. Ndio, hiyo hiyo Vasa yetu ya mbao, mfano wa ile manowari ya Sweden iliyozama 1628, iliyokaa juu ya kabati miaka sita inakula vumbi. Mwezi uliopita niliishusha nikasema sasa TV basi, kila usiku saa moja tu namalizia meli, na kweli nikaanza vizuri, halafu Jumamosi nikaibomoa. Mbao zote za ubavuni nimezibandua, na mataruma kumi ya nyuma, zile mbavu za ndani, nimeyang'oa. Kabla mama yako hajakupigia kukwambia baba yako kachanganyikiwa naomba nikueleze mwenyewe, manake sababu ni wewe, na sisemi kwa ubaya.

Unakumbuka ile siku tulipomaliza kusimamisha mataruma yote 19 kwenye mkuku, ule uti wa mgongo wa chini, likaonekana kama fupa la samaki mkubwa? Ulikuwa na miaka 11. Ukafumba macho ukapitisha kidole taratibu kutoka omo, kule mbele, mpaka tezi, kule nyuma, ukasimama katikati, ukarudia, ukaniambia "baba hapa kidole kinaruka". Mimi nikakwambia, na haya maneno nayakumbuka vizuri kuliko ninavyopenda, mimi nimeanza kutengeneza hizi meli wewe hujazaliwa. Ukaenda upande wa pili ukapitisha tena, ukasema na huku pia. Nikakwambia msasa utamaliza. Ukanyamaza, ukaenda kufanya homuweki. Baada ya hapo ulikuwa unakuja mezani mara moja moja, unashika shika vibanio, unaondoka, na mimi nikajiambia ndo kukua huko, watoto wakifika umri huo wanachoka na vitu vya baba zao.

Sasa sikiliza kilichotokea. Nimeanza kuvisha mbao. Unajua kazi yenyewe ilivyo, unaloweka kibao kwenye maji ya moto mpaka kinalegea, unakikunja kwenye omo pale ambapo ubavu unapinda ghafla, unakibana na vibanio vya nguo unakiacha kikauke na umbo lake, ndo unapaka gundi. Kila kibao lazima ukipunguze upana kinapoelekea puani manake pale mbele hakuna nafasi ya kutosha kama katikati, ukilazimisha vinapandana. Nikavisha saba kila upande, raha tupu. Kibao cha nane kikakataa. Kikishika taruma la tisa kinaelea juu ya la kumi, nikikikandamiza kwenye la kumi kinanyanyuka kwenye la nane. Nikainamisha taa pembeni ili mwanga upige ubavu kwa chini, na nikakiona. Bonde. Pale pale kidole chako kiliporuka.

Nikatoa zile karatasi za ramani, bado ziko kwenye lile bomba la plastiki. Taruma la kwanza mpaka la tisa tuliprinti siku moja, printa ikaisha wino, mengine tukaprinti kesho yake. Kila karatasi ina ule mstari mdogo pembeni ulioandikwa sentimita 10 wa kuhakikishia skeli. Karatasi za siku ya kwanza mstari unapima 10 kamili. Za siku ya pili unapima 9.7. Kumbe siku ya pili niliacha ile tiki ya kuifanya picha ienee kwenye karatasi, printa ikapunguza asilimia 3 kimya kimya. Kwa meli yenye upana wa sentimita 15.6 hiyo ni kama milimita 2 na ushee kila upande. Ndogo ukiisema, lakini kidole cha mtoto kiliiona na mimi mtu mzima na miwani yangu nilikuwa na mstari wa kuipima mbele ya macho nikaona taabu kuweka rula.

Na hapa ndo pa kuchekesha, ila sikucheka. Unajua ndani ya Vasa yenyewe walikuta rula nne za mafundi. Mbili ni za futi ya Sweden, inchi 12, na mbili ni za futi ya Amsterdam, inchi 11. Ni meli moja, ila wajenzi walikuwa na futi mbili tofauti. Na walipoipima meli waligundua haiko sawa kushoto na kulia, upande mmoja una mbao nzito kuliko mwingine. Sio kwamba hicho ndo kilichoizamisha, hapana. Kilichoizamisha ni kwamba juu ilikuwa nzito na chini imebana, sitaha mbili za mizinga, mizinga 64 ya shaba, na chini tumboni farumi, ule uzito wa kuituliza meli, ya mawe kama tani 120 ambayo haikutosha, na wangeongeza mawe zaidi meli ingeshuka na matundu ya mizinga ya chini yangekaribia maji zaidi. Kwa hiyo walikuwa wamekwama, hakuna cha kuongeza wala cha kupunguza bila kubomoa.

Nilivyokuwa nasubiri gundi nilikuwa nasoma tena habari zake, na kuna sehemu nilishaisoma zamani ikapita, safari hii haikupita. Kabla haijasafiri ilifanyiwa jaribio pale bandarini Stockholm. Watu 30 walipangwa wakimbie pamoja kutoka ubavu huu kwenda ule wa pili, huku na huku. Wamekimbia mara tatu, meli inayumba vibaya, admirali aliyekuwepo, Klas Fleming, akasimamisha jaribio. Akasimamisha jaribio mwanangu, sio safari! Na yule bosi wa mabaharia, Matsson, kwenye uchunguzi baadaye alieleza kwamba alimwambia admirali hii meli chini ni nyembamba haina tumbo, akajibiwa kwamba fundi ameshajenga meli kabla ya hii.

Ameshajenga meli kabla ya hii. Nikaweka kitabu chini nikaenda kutengeneza chai.

Fundi mwenyewe hata hakuwepo tena, Henrik Hybertsson alikufa 1627 kazi haijaisha, mwenzake Hein Jakobsson ndo akamalizia. Wewe fikiria unarithi kitu kama hicho, mfalme Gustav II Adolf yuko vitani anataka meli yake, kila mtu anajua kuna kitu hakiko sawa na kila mtu anatazama viatu. Tarehe 10 Agosti 1628 wakaitoa. Upepo mdogo tu, matanga manne kati ya kumi ndo yaliyofunguliwa, matundu ya mizinga yako wazi wamepiga salamu. Upepo wa kwanza ukailaza ikainuka. Wa pili ukailaza maji yakaingia kwenye yale matundu ya chini, ikawa basi. Ilikuwa imetembea kama mita 1,300. Nimepiga hesabu kwa skeli yetu ya 1 kwa 75, ni mita 17 hivi, yaani toka hapa mezani unatoka mlangoni unazunguka kibarazani unarudi, umemaliza safari yote ya Vasa. Walikufa kama watu 30, na wengine walikuwa wanawake na watoto manake mabaharia waliruhusiwa kuchukua familia kwa ule mwanzo wa safari. Na kwa kuwa kina pale ni mita 32 tu na meli yenyewe toka mkuku mpaka ncha ya mlingoti ni zaidi ya mita 50, ilivyozama milingoti ilibaki imechomoza juu ya maji watu wote wa mji wanaiona. Uchunguzi ukafanywa, hakuna aliyeadhibiwa.

Basi Jumamosi nilikuwa na njia mbili. Ya kwanza ni kujaza lile bonde kwa puti ya kuzibia mbao na vipande vya mbao juu ya yale mataruma madogo, nikapiga msasa, nikavisha, na juu nikapaka rangi, hakuna mtu duniani angejua. Wengi wanafanya hivo na sio dhambi, hata mimi nimefanya kwenye meli nyingine sitakutajia ipi. Ya pili unaijua.

Gundi nyeupe ya mbao sio jiwe, inalegea. Unapaka spiriti kwa brashi kwenye maungio, unasubiri dakika kumi, unapuliza joto kidogo, unaingiza kisu chembamba taratibu usivunje kibao. Joto nilitumia drayer ya nywele ya mama yako, na hiyo ni habari ambayo yeye bado hana, naomba ibaki kwenye hii barua. Vibao vya upande wa kushoto vimetoka vizima vitano, vya kulia vimevunjika karibu vyote manake nilishaanza kuchoka na hasira zikaingia. Mataruma ya nyuma nilitaka kuyang'oa mazima kama kumbukumbu, mawili yakapasuka, manane yapo kwenye boksi la viatu. Kwenye moja uliandika jina lako kwa penseli upande wa ndani. Sikujua. Tungemaliza kuvisha mbao lingefungiwa humo milele, sijui ulikuwa na mpango gani.

Nimeprinti upya, safari hii nimepima ule mstari kabla ya kukata, nikapima tena baada ya kukata, hata mama yako akauliza unapima nini saa tano za usiku. Plaiwudi ni ile ile ya milimita 4. Nimekata yote kumi, nimeyapiga msasa kwenye kingo ili yapokee mbao kwa mteremko badala ya kona kali, ile kazi uliyokuwa unaichukia.

Kitu kingine, rangi. Ile ya bluu uliyoichagua wewe nilikununulia na bado ipo haijafunguliwa. Zamani hata wataalamu waliamini nyuma ya yale masanamu ya kuchonga yanayopamba meli palipakwa bluu na dhahabu, halafu miaka ya tisini wakapima mabaki ya rangi kwenye mbao zenyewe wakakuta ni nyekundu. Kwa hiyo kwa historia inatakiwa nyekundu. Lakini nimefikiria, mimi sina haki tena ya kukwambia kitu kuhusu hii meli kwa sauti ya kujua, ukitaka bluu tunapaka bluu. Ila masanamu yake ni mia kadhaa na simba wa pale kwenye gubeti, ile ncha ya mbele, ana mita 3 kwa meli halisi, kwetu ni sentimita 4, huyo utachonga wewe manake vidole vyangu siku hizi vinatetemeka kidogo kwa vitu vidogo. Usimwambie mama hilo pia.

Watu wanashangaa kwa nini ile meli imebaki nzima hivyo, wameinyanyua tarehe 24 Aprili 1961 baada ya miaka 333 chini ya maji. Ni kwamba maji ya Baltiki chumvi yake ni kidogo, yule mdudu anayetoboa mbao za meli baharini hawezi kuishi pale. Halafu wakainyunyizia dawa miaka 17 ili mbao zisipasuke zikikauka. Miaka 17, mwanangu! Na mimi nilishindwa kukaa dakika mbili nikaweka rula.

Sijui kama wewe unaikumbuka ile siku kama mimi. Labda hata huikumbuki na mimi najitesa bure, mama yako anasema hivyo, anasema ulikuwa mtoto na watoto wanasahau. Lakini nimejiuliza baada ya ile siku ni mambo gani mengine uliona ukanyamaza manake ulishajua jibu langu litakuwa lipi. Ile habari ya kubadilisha kozi mwaka jana tuliisikia kwa shangazi yako, sikukuuliza kwa nini hukuniambia mimi. Sikuulizi hata sasa. Ulikuwa sawa. Kidole kiliruka, na ulisema, na mara ya pili ukasema tena. Nisamehe.

Mataruma mapya nimeyapanga kwenye mkuku ila sijagundisha hata moja, yamesimama tu na vibanio, nimefunika kitambaa na nimemkataza kila mtu kugusa meza mpaka likizo yako. Ukija fumba macho upitishe kidole, omo mpaka tezi, pande zote mbili, ukisema kinaruka nakata upya. Na ulete ile rula yako ya chuma ya chuo, ya kwangu siiamini tena.

Baba yako