Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Shule ya Dunbar na Kiwanja Chake

Ndugu wanachama,

Kwa niaba ya kamati ya utendaji, nawasilisha kwenu taarifa ya mwaka ya chama chetu cha wapenzi wa historia. Ya fedha mtayasikia kwa mweka hazina, na kumbukumbu za vikao ziko kwa katibu kwa yeyote atakayetaka kuzipitia. Mimi nitajikita kwenye kazi iliyotushughulisha kuliko zote: kusoma historia ya Shule ya Sekondari ya Dunbar, iliyoko Washington, Marekani, pamoja na kiwanja chake.

Wapo waliouliza kwa nini mwaka mzima uende kwa shule moja. Kamati ilijibu kwamba shule ya serikali iliyo katikati ya mji hubeba historia ya mji wenyewe: nani aliruhusiwa kusoma, nani aliajiriwa kufundisha, na nani alikuwa na sauti juu ya ardhi. Naona tuliyoyasoma yameunga mkono jibu hilo.

Shule ilianza mwaka 1870, miaka 5 tu baada ya utumwa kupigwa marufuku nchini humo. Haikuwa na jengo. Wanafunzi walisomea kwenye chumba cha chini cha kanisa la Kipresbiteri, na hiyo ndiyo inayohesabiwa kuwa sekondari ya kwanza ya umma kwa vijana weusi Marekani. Mary Jane Patterson, mwanamke mweusi wa kwanza kupata shahada ya chuo nchini humo, aliiongoza kwa zaidi ya miaka 10. Mwaka 1891 ikapata jengo lake kwenye Mtaa wa M, ikaitwa M Street High School. Jengo hilo limesimama hadi leo, na nitawaomba mlikumbuke tutakapofika kwenye lile lililofuata.

Mtu aliyetuteka wengi katika vikao vyetu ni Anna Julia Cooper. Alizaliwa utumwani mwaka 1858, akawa mkuu wa shule mwaka 1902. Wakati huo walikuwapo wakubwa walioona kwamba kijana mweusi anatosha kufundishwa kazi za mikono. Cooper alishikilia Kilatini, hisabati na fasihi, na wanafunzi wake wakapokelewa katika vyuo vikuu vyenye majina makubwa. Mwaka 1906 akaondolewa kwenye ukuu. Mwaka 1910 alirudi shuleni hapo hapo kama mwalimu wa Kilatini, na mwaka 1925, umri ukiwa umepita miaka 60, akapata udaktari wa falsafa katika chuo kikuu cha Sorbonne, Ufaransa. Nakiri wazi kwamba katika yote tuliyoyasoma, sijaona ushujaa unaozidi huo wa kurudi darasani.

Walimu wengine nao si wa kupita haraka. Carter G. Woodson alikuwa na udaktari wa Harvard, na bado alifundisha sekondari. Mwaka 1915, akiwa mwalimu, alishiriki kuanzisha chama cha kuchunguza historia ya watu weusi, na mwaka 1926 akaanzisha juma la historia hiyo, lililokuja kuwa mwezi mzima. Chama kama chetu kina deni kwake. Lakini tusisahau kwa nini wasomi wa namna hiyo walirundikana shule moja: vyuo vikuu vya wazungu havikuwa tayari kuwaajiri. Ubora wa shule ile ulitokana kwa sehemu kubwa na milango iliyofungwa kwingine.

Mwaka 1916 shule ilihamia jengo jipya kwenye First Street, ikapewa jina la mshairi Paul Laurence Dunbar, aliyefariki miaka 10 kabla. Hapo walisoma Charles Drew, daktari aliyeongoza kazi ya kuhifadhi damu kwa ajili ya wagonjwa. William Hastie, jaji wa kwanza mweusi wa mahakama za shirikisho. Na Robert Weaver, waziri wa kwanza mweusi Marekani. Orodha ni ndefu, na vitabu vingi huishia kwenye orodha.

Mjadala mkali ulikuja tulipofika mwaka 1954. Charles Hamilton Houston, aliyehitimu enzi za Mtaa wa M, ndiye aliyepanga mkakati wa kisheria dhidi ya ubaguzi wa kuwatenga wanafunzi weusi na wazungu shuleni. Alifariki mwaka 1950 bila kuona matunda. Tarehe 17 Mei 1954 Mahakama ya Juu ya Marekani ilibatilisha ubaguzi huo, na katika shauri la Bolling dhidi ya Sharpe, lililotolewa hukumu siku hiyo hiyo, Washington nayo ikaguswa. Dunbar iliyokuwa ikipokea vijana weusi kutoka mji mzima ikawa shule ya watoto wa mtaa wake. Baadhi yenu mlisema ushindi ule uliiua shule. Sikubaliani. Haki haikuua kitu; kilichofuata kilikuwa maamuzi ya watu kuhusu mipaka, bajeti na majengo, na hayo ndiyo ya kuulizwa.

Uamuzi wa majengo ndio unaoniuma. Wahitimu walipigania jengo la mwaka 1916 libaki, wakashindwa. Mwaka 1977 lilifunguliwa jengo jipya la zege lenye ghorofa nyingi, ambalo sehemu za kusomea hazikutenganishwa kwa kuta, na lile la zamani likabomolewa. Kiwanja chake kikawa uwanja wa michezo. Jengo la mwaka 1891 lilinusurika. Lililolea vizazi vingi zaidi halikunusurika.

Mwaka 2013 mji ukajenga tena, kwa gharama ya dola milioni 122 hivi, na safari hii shule ikarudi kwenye kiwanja cha mwaka 1916. Sakafuni yamewekwa mabamba yenye majina ya wahitimu mashuhuri, na mengine yameachwa matupu kwa ajili ya watakaokuja. Ni jambo jema, nami nalipongeza. Ila majina ya sakafuni hayawezi kumwonyesha mwanafunzi ngazi alizopanda Drew.

Kwa sababu hiyo kamati inaleta hoja moja kwa mwaka ujao. Kila mwanachama achague shule ya serikali iliyo mjini, ikiwezekana aliyosoma mwenyewe, afuatilie kiwanja kilikuwa cha nani kabla ya shule, majina iliyobadilisha, ramani za majengo, na daftari za walimu. Picha zipigwe sasa, kuta zikiwa bado zimesimama, na nakala zikabidhiwe kwa katibu kabla ya mkutano mkuu ujao. Naomba hoja hii ijadiliwe na kupigiwa kura kabla hatujaingia kwenye uchaguzi wa kamati mpya.