Barua ya wazi kwa wanafunzi wa uzamili wa Nyanda za Juu Kusini

Kamwene wanangu wa Iringa, na ninyi wa Mbeya pia.

Juzi nimetoka kusikiliza utetezi wa tasnifu nikiwa na hasira, na hasira yenyewe bado haijaisha, kwa hiyo mnivumilie.

Kijana aliandika juu ya soko la viazi mviringo Njombe. Suti imenyooka, ndugu wamejaa viti vya nyuma, keki imeshaagizwa. Kuwasilisha kukaenda vizuri. Kisha mtahini mmoja akafungua kiambatisho cha dodoso, akaweka kidole kwenye swali la bei, akauliza kwa upole kabisa: "Umeandika bei kwa gunia. Gunia lipi, la kilo 100 au lumbesa?"

Kimya.

Aliyeshinda hata siku moja na mkulima wa viazi hawezi kukosa kuisikia lumbesa, lile gunia lililoshindiliwa na kuongezewa kilemba juu, ambalo serikali imelipiga marufuku mara ngapi sijui na wachuuzi bado wanalipakia. Ukiyachanganya magunia hayo mawili kwenye hesabu moja, wastani wako wa bei hauna maana yoyote, hata kompyuta ikuchoree jedwali zuri namna gani. Akaulizwa la pili: kwenye fomula ya Yamane, ile ya kukokotoa ukubwa wa sampuli, umeweka jumla ya kaya 400 na kosa la asilimia 5, sampuli inatoka kaya ngapi? Ni 400 kugawanya kwa 2 (yaani 1 + 400 × 0.05²), basi, 200. Akaanza kurudisha slaidi nyuma, anatafuta. Hapo hata shangazi zake walielewa kwamba kazi ile kaifanya jamaa wa steshenari.

Wanangu, acheni mchezo huu! Mnamlipa huyu awaandikie sura ya nne, yule achakate takwimu, halafu mnakesha usiku mmoja kukariri slaidi. Mmoja aliniambia, "Mzee, mimi mtumishi wa halmashauri, muda sina." Sawa, muda huna. Basi punguza eneo: kata moja badala ya wilaya tatu, watu wachache uliowahoji vizuri kwa mdomo wako. Msaada wa takwimu si dhambi. Kaa na huyo mtaalamu, akuoneshe kila hatua, kisha irudie peke yako. Kama jaribio ni kai-skwea, lile la kupima kama makundi mawili ya majibu yana uhusiano, ujue kwa nini ni hilo na si jingine, na hiyo 0.05, kiwango cha kukosea ulichokubali, inakataza nini na kuruhusu nini.

Nisiwaonee peke yenu, maana sisi wakubwa tuna mkono humu. Makazini cheti ndicho kinachoangaliwa. Tasnifu yenyewe nani anaifungua? Na wapo wasimamizi wanaokaa na sura ya mwanafunzi mpaka masika yanaanza na kuisha, kisha wanairudisha na alama ya vema pembeni, bila hata neno. Mwanafunzi aliyeachwa hivyo atakwenda wapi, kama si steshenari?

Mengine mnayajua. Soma ripoti za watahini na uandae jibu la kila hoja. Hudhuria utetezi wa wenzako kabla ya wako. Slaidi ziishie ndani ya dakika ulizopewa. Nakala yako iwe na alama kwenye kurasa za majedwali. Swali usilolielewa, omba lirudiwe. Na usithubutu kujibu jopo kwamba "msimamizi ndiye aliyeniambia".

Ukitangaziwa umefaulu kwa masahihisho, hujamaliza. Wengi hupotelea hapo: keki inaliwa, picha zinarushwa kwenye makundi ya WhatsApp, masahihisho yanalala mpaka mahafali yanapita. Chora jedwali la safu tatu: hoja ya mtahini, ulichorekebisha, ukurasa kilipo. Anza jioni ile ile, maneno yao yakiwa bado masikioni. Hoja usiyokubaliana nayo usiiruke, andika sababu zako kwa adabu, na msimamizi azione kabla hujarudisha.

Mimi nimestaafu, Jumamosi asubuhi nipo tu nyumbani. Anayetaka kubanwa maswali kabla ya siku yake aje, hata wawili watatu kwa pamoja, chai ipo. Slaidi ziacheni. Njooni na madodoso mliyojaza wenyewe, tuanzie hapo.

Mzee wenu,
Mwalimu mstaafu, Iringa