Barua ya wazi kwa Waziri wa Mipango: yule mama aliyesema "sifanyi kazi"

Mheshimiwa Waziri,

Pokea salamu zangu kwa heshima. Nafundisha sosholojia, lakini kabla ya kushika chaki nilikuwa mdadisi, yule anayebisha hodi akiwa na dodoso mkononi. Ninalokuletea limenikaa moyoni tangu siku hizo.

Nilimuuliza mama mmoja, "Unafanya kazi gani?" Mtoto alikuwa mgongoni, povu la sabuni limempanda hadi viwikoni, jicho moja liko kwenye sufuria iliyokuwa ikichemka. Akanijibu, "Sifanyi kazi mwanangu, nipo tu nyumbani." Nikaandika: hafanyi kazi. Nikamshukuru, nikaenda nyumba ya pili, na huko nikaandika hivyo hivyo.

Maelekezo niliyafuata barabara, na hapo ndipo penye shida. Mpishi anayelipwa mshahara huingia kwenye pato la taifa. Anayewapikia wanawe hayumo, kwa sababu kanuni za hesabu za taifa zinaziacha nje huduma ambazo watu wa nyumbani wanafanyiana wenyewe. Halafu mipango inajengwa juu ya hesabu hiyo.

Katika taaluma yetu tunatenganisha jinsi na jinsia. Kuzaa na kunyonyesha ni mambo ya jinsi. Nani afue, nani akeshe na mgonjwa, nani aache masomo bibi akiugua: hayo ni ya jinsia, yamepangwa na watu na watu wanaweza kuyapangua. Kaka na dada wanarudi shule saa ileile. Saa moja baadaye kaka yuko kwenye hesabu zake, dada bado yuko kwenye vyombo. Matokeo ya mtihani yakitoka, tunasema wasichana hawajitumi.

Wizara hufanya vivyo hivyo kwa watu wazima. Nimesoma ripoti nyingi za miradi zenye sentensi hii: "Mwitikio wa wanawake ulikuwa mdogo." Mafunzo yaliitishwa asubuhi, wakati wao wana wagonjwa na watoto wadogo, kisha lawama ikawa ni mwamko. Tangu mwaka 1970 mwanauchumi wa Denmark, Ester Boserup, alionyesha jinsi zana na mafunzo ya kilimo yalivyopelekwa kwa wanaume hata pale ambapo wakulima wenyewe ni wanawake. Zaidi ya nusu karne imepita, Mheshimiwa, na bado tunashangaa kwa nini miradi haishiki.

Uzito wa jambo hili unajulikana. Shirika la Kazi Duniani, katika ripoti ya mwaka 2018 iliyokusanya takwimu za nchi 64, lilikadiria kuwa saa bilioni 16.4 hutumika kila siku katika kazi za nyumbani na malezi zisizolipwa. Ni sawa na watu bilioni 2 kufanya kazi saa 8 kwa siku bila ujira. Zaidi ya robo tatu ya saa hizo ni za wanawake. Na mwaka 2013, mkutano wa kimataifa wa wanatakwimu wa kazi uliamua kwamba kazi hiyo ni kazi, iwe na malipo au isiwe nayo. Kwa hiyo siombi jambo geni.

Naomba utafiti wa matumizi ya muda ufanywe kabla ya mpango ujao kuandikwa, si baada. Dodoso liwe na shajara ya saa 24, na kila mtu mzima ajibu mwenyewe. Mkuu wa kaya asijibu kwa niaba ya wote; si kwamba atadanganya, ila hajui mkewe aliamka saa ngapi. Iwepo pia nafasi ya kuandika mambo mawili yanayofanyika kwa pamoja, maana malezi mengi hufanyika mkono ukiwa kwenye kitu kingine, na shajara yenye safu moja itayapoteza yote.

Wanaume nao waulizwe kwa makini. Wapo baba wanaolea, na wao pia tumewaandika kuwa hawana kazi.

Rasimu ya dodoso ikiwa tayari, niko radhi kurudi kubisha hodi kulijaribu. Swali la kwanza naomba lisiwe "unafanya kazi gani". Liwe: "Jana uliamka saa ngapi, na ukaanza na nini?"

Wako katika utumishi,
Mdadisi wa zamani