Kwa Shangazi, kuhusu vitabu ambamo eti lolote linaweza kutokea

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Mara ya mwisho tulipozungumza kuhusu vitabu ulinieleza kwa nini huna hamu na riwaya za kisayansi, za uchawi na za vibonzo: kwamba humo lolote linaweza kutokea, na pale ambapo lolote linaweza kutokea hakuna linalomtia msomaji wasiwasi, kwa kuwa mwandishi akikwama atachomoa mkobani nguvu nyingine mpya na shujaa wake ataokoka. Hoja yako ni nzito kuliko zile za kawaida za wanaodharau vitabu hivi, ambao hutosheka kusema kuwa ni mambo ya watoto, na ndiyo maana sikuijibu papo hapo. Tangu wakati huo nimesoma vitabu kadhaa huku nikiwa nayo kichwani, na ninakujibu hadharani kwa sababu najua wapo wengi wenye maoni kama yako.

Nianzie kwenye uwanja wako mwenyewe. Wewe ni mpenzi wa riwaya za upelelezi, na sote wawili tunajua kinachokushika humo: mwandishi amefungwa mikono. Mwaka 1929 Ronald Knox, padri wa Kikatoliki aliyekuwa pia mtunzi wa hadithi hizo, aliandika amri kumi za utunzi wake, na mojawapo inaziondoa kabisa nguvu zisizo za kawaida. Muhammed Said Abdulla anaonekana kucheza na amri hiyo katika Mzimu wa Watu wa Kale, iliyotoka mwaka 1960: maiti inapatikana mahali pa mizimu, minong'ono inaanza kuelekea kule unakokujua, naye mpelelezi wake, Bwana Msa, anawasha kiko chake na kutafuta mkono wa binadamu. Nilipoirudia safari hii nilitambua kwamba sikuwahi hata dakika moja kumshuku mzimu, wala jambo hilo halikutegemea imani yangu kuhusu mizimu, kwani katika hadithi ya aina hii mzimu hauruhusiwi kuua. Sheria imekwisha kuwekwa kabla hatujafungua ukurasa wa kwanza.

(Aya hii inafichua siri ya The Murder of Roger Ackroyd ya Agatha Christie. Wewe Shangazi umeisoma. Mwingine ambaye hajaisoma aruke.) Kitabu hicho cha mwaka 1926 kiliwakasirisha baadhi ya wasomaji wa siku zile, waliodai kuwa wamelaghaiwa, kwa sababu muuaji ndiye anayetusimulia. Lakini kirudie uone Christie alivyofanya. Msimulizi anasema barua ililetwa chumbani saa tatu kasoro dakika ishirini, kisha anasema kwamba alipotoka ilikuwa saa tatu kasoro kumi na barua ilikuwa bado haijasomwa. Kati ya nyakati hizo mbili kuna dakika kumi ambazo hazikutajwa, na mtu anauawa ndani yake. Hakuna neno la uongo pale. Pana ruko tu, na sisi ndio tuliolivuka bila kutazama chini. Naomba ulikumbuke ruko hilo, kwa maana nitalihitaji nitakapofika kwenye vibonzo.

Sasa nikupeleke kwenye kitabu ambacho kwa maneno yako kingepaswa kuwa cha ovyo kabisa, kwa kuwa ndani yake mtu anasafiri katika wakati bila mashine, bila dawa na bila maelezo yoyote. Ni Kindred ya Octavia Butler, iliyochapishwa mwaka 1979, na Butler mwenyewe alikataa kuiita riwaya ya kisayansi kwa kuwa haina sayansi ndani yake. Dana, mwandishi mweusi anayeishi California mwaka 1976, anavutwa ghafla mpaka Maryland ya mwanzoni mwa karne ya 19, kwenye shamba linalolimwa na watumwa. Sheria ni mbili tu. Anavutwa kila mara Rufus, mtoto wa mwenye shamba, anapokuwa karibu kufa. Na anarudi kwao pale tu yeye mwenyewe anapoamini kwamba anakaribia kufa. Rufus ni babu yake wa kale, na yule bibi ambaye kizazi cha akina Dana kilitokana naye bado hajazaliwa. Kwa hiyo Dana analazimika kumwokoa mtoni, kumwokoa motoni, kumwokoa alipoanguka mtini, akimwona kila safari amekua kidogo na amezidi kufanana na baba yake.

Angalia sheria ile ya pili, ya kurudi, inavyofanya kazi, kwa sababu hapo ndipo nilipokiweka kitabu chini na kutembea chumbani. Safari ya kwanza baba yake Rufus anamwelekezea bunduki. Dana anaamini amekufa na papo hapo yuko nyumbani. Msomaji anapumua, anajiambia kwamba kuna mlango wa kutorokea. Lakini kadiri Dana anavyokaa shambani ndivyo anavyozijua adhabu za pale, ni ipi ya kuua na ipi ya kutia adabu. Inafika siku anajaribu kutoroka, anakamatwa, anachapwa mijeledi, na katikati ya maumivu yale anajaribu kwa nguvu zake zote kujishawishi kwamba watamuua, analitamka, analipigia kelele, ili apate kurudi kwao. Harudi. Moyoni anajua kuwa hiyo ni adhabu tu na kwamba watamwacha hai. Uzoefu wake wa utumwa ndio uliomfungia mlango. Hakuna hotuba kuhusu namna mtu anavyozoeshwa minyororo ambayo ingeweza kunifikisha pale, na Butler amenifikisha kwa sheria moja aliyoiweka mapema na kukataa kuilegeza hata pale msomaji anapomwombea Dana huruma.

Kuhusu wasiwasi, ambao ulisema haupo katika vitabu hivi: Butler anakuambia katika dibaji kwamba Dana amepoteza mkono katika safari ya mwisho. Mwisho umepewa kabla ya mwanzo, na bado nilisoma kwa hofu, nikiutazama mkono ule katika kila sura.

Kitabu hicho kimefanywa pia hadithi ya vibonzo, mwaka 2017. Damian Duffy aliyapanga maneno na John Jennings akachora, na mwaka uliofuata kazi yao ikapata tuzo ya vibonzo ya Eisner kwa kazi bora iliyogeuzwa kutoka umbo jingine. Jambo moja humo limenikosha kwelikweli, nalo ni rangi. Maisha ya mwaka 1976 yamepakwa rangi zilizofifia, za udongo na vumbi, ilhali shamba la watumwa limewaka kwa rangi kali. Mtu angetarajia kinyume chake, zama za kale zififie kama picha kuukuu, lakini kwa Dana kule ndiko kunakozidi kuwa halisi, na Jennings amelisema hilo bila kuongeza neno. Hata hivyo sikukubali kila kitu. Ile hesabu ya ndani ninayokusimulia, ya mtu anayepimana na mjeledi akitafuta hofu ya kutosha, imepungua nguvu. Picha inatuonyesha mwili unaoumia, nayo akili inayohangaika inabaki kwenye vijisanduku vya maneno vilivyobanana. Yapo mambo ambayo sentensi inayafanya vizuri zaidi, na sioni haya kusema hivyo ingawa ninavitetea vibonzo.

Vibonzo vina nguvu yao mahali pengine. Watchmen ya Alan Moore na mchoraji Dave Gibbons, iliyotoka kwa matoleo 12 kati ya mwaka 1986 na 1987, ina mhusika ambaye ungemkataa mara moja: mwanafizikia aliyeumbika upya baada ya ajali ya maabara, sasa anaitwa Doctor Manhattan, mwenye ngozi ya buluu na uwezo wa kuvunja na kuunda kitu chochote. Huyu ndiye shujaa wa lolote-linaweza-kutokea, utasema. Soma sura ya nne. Yuko peke yake kwenye sayari ya Mirihi, ameshika picha ya zamani aliyopigwa mwaka 1959 pamoja na mwanamke aliyempenda. Kisanduku kimoja kinaonyesha picha iko mkononi; kingine kinaonyesha imelala mchangani, na yeye anatuambia kuwa hilo litatokea baada ya sekunde 12; kisha tunaiona tena iko mkononi. Yeye anaziona nyakati zote kwa pamoja, zilizopita na zijazo, na hawezi kubadilisha hata moja. Ataiachia picha kwa sababu tayari ameiachia. Mwenye nguvu kuliko wote katika kitabu kizima ndiye aliyefungwa kuliko wote.

Na hapa ndipo lile ruko la dakika kumi linaporudi. Katika vibonzo, baina ya kisanduku na kisanduku pana ufito mweupe usio na kitu, na msomaji ndiye anayelazimika kuamua ni nini kilichopita hapo, sekunde moja au miaka 20. Christie alilificha ruko lake. Mchora vibonzo analiacha wazi mbele ya macho yetu katika kila ukurasa. Zaidi ya hayo, unapofungua ukurasa wa Watchmen, ambao mara nyingi umegawanywa visanduku tisa vilivyolingana, jicho lako linaiona jana, leo na kesho kwa mkupuo mmoja kabla hujaanza kusoma. Kwa dakika chache unaona kama aonavyo mtu yule wa buluu. Sidhani kama riwaya ya maneno matupu ingeweza kunipa hisia hiyo, kwa kuwa maneno yanakuja kwa foleni.

Ninakubali kwamba mashtaka yako yanawapata wengi. Superman aliuawa mwaka 1992 kwa kishindo kikubwa, magazeti yakatangaza, watu wakanunua nakala wakaziweka bila kuzifungua, na mwaka uliofuata akarudi. Tangu hapo kifo katika vibonzo vya mashujaa wa aina hiyo kinanigusa kidogo sana, na sina la kuwatetea.

Hata Binti ya Nnedi Okorafor, kitabu kifupi cha mwaka 2015 kilichopata tuzo za Hugo na Nebula, kimenigawanya. Msichana wa Kihimba, jamii ya kaskazini mwa Namibia, anatoroka kwao kwenda chuo kikuu kilichoko sayari nyingine, naye amejipaka otjize, ule mchanganyiko wa udongo mwekundu unaopakwa na wanawake wa jamii yake. Chombo chake kinavamiwa na viumbe wanaoitwa Meduse, na abiria karibu wote wanauawa. Otjize nimeipenda mno: ni kitu cha nyumbani, kimefafanuliwa tangu mwanzo, wenzake wanakishangaa na kukigusagusa bila heshima, na kinapokuja kuponya majeraha ya adui mtu anahisi kwamba malipo yametolewa kihalali. Lakini msichana huyo ana pia kidude cha kale kiitwacho edan, ambacho hakuna ajuaye kazi yake, na ambacho kinamkinga panapohitajika kinga na kumtafsiria panapohitajika mkalimani. Hapo nilisikia sauti yako, Shangazi. Na abiria wale waliouawa, marafiki zake wapya, wanasahaulika upesi mno pale wauaji na chuo wanapopatana. Najua wapo wanaokiona kitabu hicho hakina kasoro. Mimi ningekitaka kirefu mara mbili, na kurasa zilizoongezeka ziwe za matanga.

Uliniuliza uanze na kipi ikiwa utakubali kushindwa. Anza na Kindred, ile ya maneno, kisha ndipo uchukue ya vibonzo, maana ukigeuza utaratibu huo utakuwa umeona nyuso za watu kabla hujaziumba mwenyewe. Watchmen iache ya mwisho, na ukifika sura ya nne usisome kwanza; tazama ukurasa wote, halafu urudi kwenye kisanduku cha kwanza. Binti ukipenda tubishane. Nitakusikiliza, hasa ukiniambia kwamba edan ilikuwa na sheria yake na mimi ndiye niliyesoma kwa haraka.

Mwanao