Barua ya wazi kwa Kamanda wa Polisi Mkoa wa Mwanza: kipima ulevi kije na alfajiri

Kamanda, shikamoo.

Mimi ni mama muuza supu wa Buzuruga, kando ya barabara ya kwenda Musoma. Operesheni za usiku za kukamata madereva walevi naziunga mkono kabisa. Ila askari wakishakwenda kulala, mimi ndiyo nafungua, na wateja wangu wa kwanza ni wale waliokosekana kwenye msako.

Wanaingia kuanzia saa kumi na moja alfajiri, macho mekundu, funguo ya gari inaning'inia kidoleni. "Mama, weka makongoro, ndimu mbili, pilipili usiionee huruma, nikate mning'inio niwahi kazini." Wanakunywa, jasho linatoka, wanajiona wazima. Kisha wanawasha gari.

Supu yangu ni tamu lakini haitoi pombe kwenye damu, na nayasema haya nikijua naharibu biashara. Kahawa haitoi, kuoga maji ya baridi hakutoi. Kazi hiyo ni ya ini, nalo halikimbizwi: kwa wastani hupunguza kama miligramu 15 kwa saa katika kila mililita 100 za damu. Sheria yetu inakomea miligramu 80. Aliyeweka chupa chini saa nane usiku akiwa na 160, saa kumi na mbili asubuhi bado ana kama 100. Amepiga mswaki, amevaa tai, na ni mlevi kisheria. Huyo ndiye anayepishana na watoto wanaotembea kwenda shule kigizagiza, na akina mama waliopanda bajaji na ndoo za samaki kutoka Mwaloni.

Madereva wa mabasi ya mikoani hupulizishwa stendi kabla ya safari, jambo zuri. Mwenye gari dogo anayepita nje ya geti la stendi je?

Ombi langu ni zamu ya alfajiri, hasa Jumamosi, Jumapili na siku zinazofuata mshahara. Na zamu hiyo isikae mahali pamoja. Unajua mwenyewe tunavyowashiana taa barabarani. Trafiki akisimama nusu saa, mji mzima una habari, na bodaboda wameshachepukia njia za panya. Leo iwe Nyakato, kesho Mkuyuni, siku nyingine Kona ya Bwiru, na kila anayesimamishwa apulize, hata kama hajayumba. Jimbo la New South Wales kule Australia lilianza kupima madereva hivyo, bila kungoja dalili, Desemba 1982, na vifo vya barabarani vikashuka. Mtu haogopi ukubwa wa faini ambayo anaamini haitamfikia.

Apulize na mwenye shangingi. Akiuliza "unanijua mimi ni nani?", askari amjibu kwa kumpa mrija mpya. Namba ikitokea, dereva aonyeshwe, abiria wake waione, iandikwe hapo hapo. Namba iliyoonwa na watu wanne ni ngumu kuimalizia pembeni.

Kuna jambo moja silisikii likisemwa. Wengi wanaendesha wamelewa kwa kuogopa kuliacha gari baa: asubuhi watakuta saiti mira hazipo, au tairi. Bodaboda wa kumpeleka nyumbani yupo mlangoni, nauli anayo, ila roho iko kwenye gari. Kaa na wenye baa, Kamanda. Wenye uwanja na mlinzi wakubali gari lilale, kwa malipo madogo na risiti. Polisi kata wajue ni baa zipi. Na dereva atakayekutwa amezidi, gari lake lisiachwe kando ya barabara. Likabidhiwe kwa mtu mzima aliye na leseni, au lipelekwe kituoni hadi atakapopimwa tena.

Ningependa tuanze kabla ya mshahara wa mwezi huu.

Muuza supu,
Buzuruga, Mwanza