Jedwali la mizani ya chai lisiwe na safu 31

Mhariri,

Naomba nafasi niwaeleze makarani wa vyama vya ushirika vya wakulima wa chai, Rungwe hadi Mufindi, kosa linaloweza kuharibu malipo ya wakulima. Daftari la mizani lina jina la mkulima kushoto, kisha safu 31 za siku za mwezi. Kwenye karatasi linafaa. Likinakiliwa vilevile kwenye kanzidata (hifadhi ya taarifa kwenye kompyuta), linageuka mtego.

Mkulima hachumi kila siku. Tuseme wapo wakulima 1,200 na kila mmoja anapima mara 4 kwa mwezi: visanduku ni 37,200, vyenye kilo ni 4,800 tu. Ukijumlisha safu kwa alama ya +, kisanduku kimoja kitupu kinafanya jumla yote iwe tupu. Mkulima aliyeleta kilo 60 anaonekana hakuleta chochote! Ukikimbilia kujaza sifuri, jumla inatoka, lakini wastani wa mzigo unagawanywa kwa 31 badala ya 4. Kibaya zaidi, hutajua tena siku ipi mkulima hakuleta majani na ipi karani alisahau kuandika.

Kila mzigo uliopimwa uwe na mstari wake: namba ya mkulima, tarehe, awamu (asubuhi au jioni), kilo. Vitatu vya kwanza viwe ufunguo mkuu (muunganiko usioruhusiwa kujirudia), ili mzigo uleule usiingizwe mara mbili. Kilo zisiruhusiwe kuwa tupu wala sifuri. Asiyepima hana mstari, basi. Siku ambazo kituo kilifungwa ziwe na jedwali lake dogo. Ongeza pia faharasa (orodha ya kutafutia haraka) ya tarehe, maana ufunguo unaoanza na namba ya mkulima hausaidii sana kiwanda kinapouliza kilo za jana.

Ukitaka ripoti yenye siku zote, anza na jedwali la kalenda, unganisha mizigo kwa LEFT JOIN (amri ya SQL, lugha ya kanzidata, inayobakiza kila siku ya kalenda hata isiyo na mzigo), na utupu uugeuze sifuri kwa COALESCE wakati wa kuchapa tu. Hapa ndipo wengi hujikwaa: sharti la namba ya mkulima likiwekwa kwenye WHERE (kichujio baada ya kuunganisha), siku tupu zote zinatoweka. Likae kwenye ON (sharti la kuunganisha lenyewe).

Wakati wa kuhamisha data kutoka jedwali la zamani, chukua visanduku vyenye kilo pekee. Linganisha jumla ya kila mkulima, ya zamani na mpya, ukikumbuka COALESCE kwa kila safu ya zamani. Jedwali la zamani lisifutwe hadi tofauti iwe 0 kwa wakulima wote.

Mtunza kanzidata,
Tukuyu, Mbeya